Kamba ya Mafundo Hamsini

17 Juni, Jumapili
Kamba: mita 112.

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu leo tumeanza kupima. Kila nitakapopima nitaandika namba kwanza, kisha mengine kama yapo.

Namba ni umbali kutoka nguzo ya mwisho ya baraza ya shule mpaka ukingo wa mto Jamuna, upande wa magharibi. Tunapita njia ya kwenda kuteka maji, ambayo imenyooka na haina mti. Kamba tuliisokota wenyewe mwezi wa Februari, mimi na darasa la tano, kwa juti ya shamba la Tofazzal Chacha, ami wa kila mtu hapa na mwenyekiti wa kamati ya shule. Ina mafundo hamsini, na kati ya fundo na fundo kuna mita moja niliyoipima mwenyewe kwa rula ya mbao. Tepu ya chuma ya shule ililiwa na kutu mwaka juzi. Siku tulipomaliza kusokota tulilipima jengo letu la vyumba vitatu: mafundo kumi na nane kamili. Watoto walipiga makofi.

Char yetu, kisiwa hiki tunachokaa, ni mchanga ulioachwa na mto, na mto huja kuudai. Kamati imekubaliana kwamba maji yakifika mita sitini, shule inang'olewa na kuhamishwa. Sitini imetokana na hesabu. Mto ukichafuka hula mita kumi kwa siku. Kung'oa mabati, mbao na nguzo ni kazi ya siku tano. Siku moja ni ya akiba. Nimefurahi kwamba safari hii kuna hesabu. Shule iliyokuwepo kabla ya hii ilikwenda na maji ikiwa na mabati yake yote, na watoto wakakaa miaka mitatu bila darasa. Tukiyaokoa mabati, ndani ya mwezi mmoja tunasimamisha shule mahali pengine. Tusipoyaokoa hakuna atakayetupa mengine.

Watoto ni themanini na wanne. Hilo si kadirio.

19 Juni
Kamba: 112.
Joto. Hakuna la kuandika.

20 Juni
Kamba: 112.

Somo la leo lilikuwa makadirio. Nimewapa kanuni: tarakimu ikiwa tano au zaidi, panda, ikiwa chini ya tano, acha. Aklima, ambaye mama yake anauza bisi za mchele pale mashua zinapotia nanga, akanyoosha mkono, akaniita Apa, dada, kama mwalimu wa kike anavyoitwa hapa.

"Apa, mama akipima bisi kwa kikombe, kikombe kikawa hakijajaa vizuri, anapanda au anaacha?"

"Mama yako anauza. Hakadirii."

"Anakadiria, Apa. Kila siku anahesabu kimejaa. Hajawahi hata siku moja kuhesabu hakijajaa."

Darasa zima likacheka. Nilimwambia akae. Ana akili lakini anapenda mno kuchekesha.

24 Juni, Jumapili
Kamba: 110.

Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Tumepima tukiwa tumelowa mpaka mifupani, kamba inachuruzika.

Kashem, fundi aliyeijenga shule hii, alikuja barazani kujikinga. Anasema mto umekula urefu wa mashua nzima tangu Alhamisi. Mashua zetu zina mita tisa. Nikamwambia kamba inasema mbili.

"Mbili?" Akakamua ncha ya lungi aliyojifunga kiunoni. "Basi hiyo kamba yako ina huruma, Apa."

Nimeshaona watu wenye hofu wakikuza mambo. Kamba haina hofu. Nimeandika 110.

1 Julai, Jumapili
Kamba: 101.

2 Julai
Kamba: 97.

Nimekwaruzana na Mokbul Sir, mwalimu mkuu. Ametundika ubao mdogo barazani wa kuandika umbali kwa makumi, ili wazazi wausome wakipita. Nilimpa 97. Akaandika 90.

"Sir, tisini na saba kwa makumi ya karibu ni mia."

"Najua."

"Sasa mbona tisini?"

"Mkono umeandika tisini."

"Watoto wanaona, Sir. Juzi tu nimewafundisha kanuni."

"Kanuni ya mtihani hiyo." Akapangusa vidole kwenye shati. "Wewe andika mia kwenye daftari lako. Ubao ni wangu."

Kila mtu anajua ameomba uhamisho. Mke wake na binti zake wako mjini, Sirajganj, na yeye hulala hapa ofisini juu ya meza mbili zilizounganishwa. Mtu anayetaka kuondoka huyaona maji yako karibu.

5 Julai
Kamba: 93. Mvua.

8 Julai, Jumapili
Kamba: 88. Mvua.

Juti imeanza kukatwa. Char nzima inanuka juti iliyolowekwa. Wanaume wote wako majini mpaka kiunoni wakimenya nyuzi, na darasani wavulana wakubwa hawaonekani.

10 Julai
Kamba: 86. Mvua.

12 Julai, Alhamisi
Kamba: 78.

Mita nane kwa siku mbili. Ubao wa Sir unasema 70. Mkutano wa kamati ni Jumapili. Tofazzal Chacha ametuma ujumbe: nilete namba, ila ziwe za makumi, wasiletewe vipande vipande.

14 Julai, Jumamosi
Ijumaa na Jumamosi sipimi kwa kawaida. Safari hii nimekwenda kutazama. Vipande vya ukingo vinaanguka vikubwa kama banda la jiko, na vikianguka ardhi inatetemeka chini ya nyayo. Nilisimama nikihesabu: saba kwa robo saa.

15 Julai, Jumapili
Kamba: 64.6. Nimeandika 65, kama kawaida yangu.

Mkutano ulikuwa saa nane mchana, darasa la pili. Walikuwa tisa, wote na matope ya juti mpaka magotini, na Tofazzal Chacha amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani.

Nilikuwa nimeandaa jedwali. Safu ya kwanza tarehe, ya pili mita, ya tatu makumi. Makumi niliyatoa kwenye safu ya mita: 112 ikawa 110, 97 ikawa 100, 78 ikawa 80, na 65 ya leo ikawa 70.

"Nipe namba, mwalimu," akasema Tofazzal Chacha. "Hadithi tutazisikia tukizeeka."

"Sabini, Chacha."

"Sitini," akasema Mokbul Sir. Alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake.

Chacha akatutazama mmoja mmoja. "Huyu sabini, huyu sitini. Mto ni mmoja au kila mwalimu ana wake?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikampelekea jedwali. Nikaonyesha kila siku na kila kipimo, nikaeleza kanuni, tano panda, chini ya tano acha. Nikasema, na ninaandika maneno yenyewe kwa sababu niliyasema mbele ya watu: "Sir hana kipimo. Anakata tu. Mtu akikata kila siku, mwishowe mto utakuwa mlangoni kwenye ubao wake huku sisi tunaona nyasi."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye.

Chacha akaniinamia. "Sikiliza, mama. Juti yangu iko majini, nusu haijamenywa. Na ya hawa wote. Nikiwatoa watu leo, siku tano wakang'oe shule, juti inaoza, na mwaka mzima tunakula maji na chumvi. Tulisema sitini. Ikiwa sitini, nawatoa sasa hivi na sitalalamika. Ikiwa sabini, siwatoi. Kwa hiyo ni ngapi?"

"Sabini."

"Umeapa?"

"Nimepima."

"Inatosha." Akainuka, dawati likainuka naye, wakamchomoa. Alipofika mlangoni akasema, "Huyu dada anaheshimu hesabu." Nikasikia vizuri sana kuambiwa hivyo.

Mokbul Sir alifungua mwavuli wake akaondoka. Ubao wake bado umeandikwa 60.

16 Julai
Kamba: 65.

17 Julai
Kamba: 63.

Sir ananisalimu kama tunavyowasalimu wapita njia pale mashua zinapotia nanga.

18 Julai
Kamba: 62. Mvua.

Kwa kuwa hatuwezi kutoka, nimewapa darasa la tano zoezi la ndani: vikundi sita, kila kikundi kipime urefu wa jengo zima kwa kamba, kupitia barazani, hadi sehemu ya kumi ya mita. Jibu nilikuwa nalo tangu Februari. Nilitaka kuwaonyesha makosa ya kipimo, jinsi mmoja anavyopata 17.9, mwingine 18.1, na jinsi wastani unavyoturudisha kwenye ukweli.

Hakuna kikundi kilichopata hata karibu. Nikawauliza wameanzia wapi. Nikawauliza nani alivuta, nani alishika. Nikawafanya warudie. Wakapata yale yale.

"Apa," akasema Aklima, "labda shule imekua."

Wakacheka mpaka wakalaliana. Nilikasirika. Nimewapa sifuri vikundi vyote sita, na Aklima nimemsimamisha ukutani mpaka kengele.

19 Julai, Alhamisi
Kamba: 61. Namba hii si kweli. Ninaiandika kwa sababu ndiyo iliyosomeka.

Ninaandika saa kumi jioni na sina muda mrefu.

Baada ya vipindi nilikaa kuingiza alama za jana. Niliandika majibu ya vikundi kwa mstari mmoja: 19.2, 19.3, 19.3, 19.4, 19.2, 19.4. Mkono wangu ulikuwa tayari kuandika sifuri ya kwanza kwenye rejista. Nikasita kwa sababu ya jambo nililowafundisha mwenyewe. Watoto wakikosea kwa uzembe hukosea huku na huku, mmoja juu, mwingine chini. Hawa sita wamekosea wote upande mmoja, na wamekaribiana kama ndugu. Sikuona namna watoto thelathini wanavyoweza kukosea kwa kupatana hivyo.

Nikachukua rula ya mbao, nikaishusha kamba kwenye msumari, imelowa, nikaiweka sakafuni. Fundo la kwanza hadi la pili: sentimita 93. La pili hadi la tatu: 93. La tatu hadi la nne: 94. Nilipima mpaka fundo la hamsini. Hakuna nafasi hata moja iliyofika mita.

Juti ikinywa maji hunenepa na kufupika. Tuliisokota Februari, jua kali. Tangu mvua ianze nimekuwa nikipima kwa mita fupi, na mita zikiwa fupi huwa nyingi. Shule haikukua. Mto ndio ulionekana mbali.

61 ya leo, kwa mita za kweli, ni 57.

64.6 ya Jumapili ni 60.3.

Kisha nikaona la pili, ambalo haliwezi kusingiziwa kamba. 64.6 niliikadiria kuwa 65, kisha 65 nikaikadiria kuwa 70. Nilipanda ngazi mara mbili. Mtu akiikadiria 64.6 mara moja tu, kwa makumi, anapata 60. Hata kwa kamba ile ile iliyolowa, jibu lilikuwa sitini. Kosa hili nimewakata watoto alama kwa ajili yake kila mwaka.

Nimekwenda kwa Mokbul Sir ofisini. Alikuwa anachemsha chai. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alipima mwenyewe mafundo matatu, akairudisha rula mezani taratibu.

"Ulijua, Sir," nikasema. "Ndiyo maana ulikuwa unapunguza."

"Kuhusu kamba?" Akatikisa kichwa. "Sikujua kitu. Niliogopa tu."

Nilitaka awe alijua. Ningekuwa nimeshindwa na mtu mwenye hesabu.

"Nikikosea kwa kupunguza," akasema, "tunapoteza juti. Nikikosea kwa kuongeza tunapoteza shule. Ndiyo hivyo, sina zaidi. Na usidhani siombi uhamisho, naomba. Chukua mwavuli, twende."

Tofazzal Chacha alikuwa kwenye dimbwi lake la juti, maji kifuani. Hakutoka. Nilisema nikiwa ukingoni, mbele ya watu wake kumi na mbili.

"Chacha, ni hamsini na saba. Na Jumapili ilikuwa sitini."

"Ulisema sabini."

"Nilikosea. Kamba ikilowa inafupika, na mimi sikuipima tena."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wake uliojaa nyuzi. "Kamba ya juti ikilowa inakaza. Mama, kila mtu hapa anajua hilo. Mvua ikinyesha tunakwenda kulegeza kamba za mashua zisikatike. Hata watoto."

"Sasa mbona hakuna aliyesema?"

"Kusema nini? Wewe ulisema mita. Sisi tulidhani mita ni kitu kingine."

Mmoja akauliza, "Na juti?" Chacha alilitupa fungu alilolishika, akatoka majini. "Kamwiteni Kashem aje na nyundo," akasema. "Alfajiri tunaanza." Alipita karibu yangu bila kunitazama, maji yakimchuruzika.

Nimefuta sifuri sita.

20 Julai, Ijumaa
Mwanzi: mita 55.

Nimekata mwanzi wa mita tatu, nikaupima kwa rula mara nne. Mwanzi haunywi maji.

Watu arobaini wamekuja. Kashem yuko juu ya paa. Nilimwomba aanze na chumba cha magharibi, kilicho karibu na mto, ambacho ni darasa langu.

"Haiwezekani, Apa. Upepo wa mvua hapa unatoka mashariki, kwa hiyo niliezeka kuanzia magharibi, kila bati likalalia lililotangulia. La mwisho kupanda ndilo la kwanza kushuka. Nikianza huko kwako nitachana mabati yote."

"Kwa hiyo darasa la tano ni la mwisho."

"La mwisho kabisa."

Kazi ya siku tano. Tungeanza Jumapili iliyopita, jana tungekuwa tumemaliza.

21 Julai
Mwanzi: 41.

Mita kumi na nne kwa siku moja. Hesabu yetu ya kumi haipo tena. Chumba cha kwanza kimeshuka. Wanawake wanabeba mabati vichwani mpaka mashua, mawili mawili, wakiyashika pande zote yasiwakate. Mama yake Aklima ameacha bisi zake, anabeba na kutukana mvua. Mokbul Sir amebeba rejista zote ndani ya shati.

22 Julai
Mwanzi: 27.

Chumba cha kati kimeshuka. Nguzo nane kati ya kumi na mbili zimeng'oka.

23 Julai, Jumatatu
Mwanzi: 12 alfajiri.

Tulipatana hivi: mimi nakaa kati ya nguzo na ukingo na mwanzi wangu, nataja namba kila baada ya muda mfupi, Sir anairudia kwa sauti chini ya ngazi, na watu walio juu ya paa wanaisikia. Ikifika tano wote wanashuka, bila kubishana. Walikuwa sita juu: Kashem, watoto wawili wa kiume wa Tofazzal Chacha, na wengine watatu.

Saa mbili: kumi na moja. Saa tatu: tisa. Saa nne: nane na nusu. Nikasema nane. Sir akasema nane.

Mabati ya chumba cha tatu yalikuwa ishirini na manne. Mvua ilikuwa imetia kutu kwenye misumari, kila msumari ulilia ukichomoka. Yalishuka mawili, matatu, manne. Saa tano ukingo ulitulia kabisa, maji yakawa kama yamechoka, na Kashem akaanza kupiga mluzi.

Kisha kipande kikaenda bila sauti. Niliweka mwanzi, nikaweka tena, nikamalizia kwa rula. 5.7.

Kwa kanuni yangu, 5.7 ni sita. Juu ya paa kulikuwa na mabati ishirini, na mbele yangu kanuni niliyoifundisha miaka saba. Ile kanuni hudhani kwamba kukosea juu na kukosea chini ni mamoja. Kwenye karatasi ni mamoja.

"Tano," nikasema.

"Tano," akasema Sir. "Shukeni."

"Bado ishirini, Sir," akasema Kashem kutoka juu. "Nipe nusu saa nishushe mengine mawili. Apa, pima tena."

"Nimeshapima. Shuka."

"Kama ulivyopima juzi?"

Wote walisikia. Tofazzal Chacha alikuwa chini, mkono kwenye ngazi. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akatazama wanawe juu ya paa.

"Amesema tano," akasema. "Mnashuka au nipande niwashushe kwa makofi?"

Wakashuka. Kashem wa mwisho, akinung'unika, misumari mdomoni. Tulikuwa hatujafika kwenye mashua pale nilipoona ufa, mwembamba, umepita nyuma ya shule na siyo mbele yake. Haukuchukua muda wa kunywa chai. Chumba kiliinama kama mtu anayetaka kuchungulia maji, paa likiwa juu yake, kikaenda kizima. Ubao mweusi ulionekana kidogo, umeandikwa tarehe ya Alhamisi kwa mwandiko wangu.

Kashem alitema misumari mkononi, akaihesabu, akaitia mfukoni.

24 Julai
Hakuna cha kupima.

29 Julai, Jumapili
Nimeiandikia kamati barua. Mabati sabini na mawili. Yaliyookolewa hamsini na mawili. Nguzo kumi na mbili, zilizookolewa nane. Siku zilizopotea tano, kuanzia tarehe 15 hadi 19, na sababu ya siku hizo ni mimi, kosa la kwanza kamba, kosa la pili kukadiria mara mbili. Sikukadiria chochote katika barua hiyo. Juti ya Tofazzal Chacha imeoza theluthi moja. Niliiandika pia.

Aliisoma kwa kusomewa na mwanawe. Alinirudishia jibu kwa mdomo: "Mwambie nimesikia. Mwambie mwakani asokote kamba kwa kitu kingine."

6 Agosti
Barua ya uhamisho wa Mokbul Sir imefika. Ameichukua. Nilikuwa sahihi kuhusu hilo tangu mwanzo, na halikuwa na uhusiano wowote na ubao. Aliponiaga alinipa ule ubao mdogo umefungwa kwa kitambaa. "Mkono wako sasa," akasema.

26 Agosti, Jumapili

Shule imefunguliwa leo upande wa mashariki wa char, kilomita mbili kutoka pale. Vyumba viwili. Mabati yaliyozidi baada ya paa Kashem ameyagawia kuta. Darasa la tano na la nne wanakaa pamoja, na walipokosa nafasi tukapanga zamu: wadogo asubuhi, wakubwa mchana. Katika themanini na wanne wamerudi sabini na mmoja. Familia nyingine zimehamia ng'ambo, nyingine sijui.

Somo la kwanza nimewapa mwanzi na zoezi lile lile la tarehe 18 Julai: vikundi, urefu wa jengo zima, hadi sehemu ya kumi ya mita. Niliwaambia pia kwa nini sifuri zao zilifutwa. Walinisikiliza wakitazama miguu yangu.

Wakapima. 12.1, 11.9, 12.0, 12.0, 11.9. Huku na huku, kama inavyotakiwa.

Aklima ndiye aliyeleta daftari la kikundi chake. Alisimama mbele ya meza, hakucheka.

"Apa," akasema, "mara hii shule imepungua."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika: sahihi.